Tusiwafukulie watoto misiba yao ili waigize vizuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu makala mliyochapa Jumapili iliyopita, ile iliyosifu onesho la igizo la wanafunzi hapa Dodoma. Mwandishi wako alieleza kwa furaha kwamba binti wa kidato cha pili aliyecheza yatima alilia machozi ya kweli, mpaka wenzake wakamshika mikono na kumtoa jukwaani. Mwalimu wake alipoulizwa siri ya ufundi ule, alijibu kuwa alimwambia binti amkumbuke marehemu baba yake. Makala ikakiita hicho kipaji. Picha yake nimeikata kwenye gazeti na iko hapa mezani kwangu. Nimeitazama kwa siku tatu, na kila nikiitazama naona mtoto anayelia msiba wake mbele ya ukumbi mzima.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nimefundisha sekondari miaka 32, mingi kati ya hiyo katika mkoa huu, na karibu kila mwaka nilikuwa na kikundi cha maigizo. Siandiki ili kumshambulia mwalimu mwenzangu. Naandika kwa sababu alichofanya yeye niliwahi kukifanya mimi, nikapigiwa makofi na kupewa zawadi.

Ilikuwa mwaka 2003. Tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano ya shule, na igizo tulilitunga wenyewe, la familia inayonyang'anywa shamba baada ya mama kufa. Mhusika mkuu alikuwa binti wa kidato cha tatu, aliyelelewa na bibi yake katika kijiji kimoja cha upande wa Chamwino. Sauti alikuwa nayo, maneno aliyashika yote, lakini penye kilio alifunika uso kwa viganja na kutikisa mabega, kama wafanyavyo watoto wengi katika maigizo ya shule. Wenzake walikuwa wanacheka wakifika hapo. Siku ya mazoezi ya mwisho nikamwita pembeni, chini ya mwarobaini nyuma ya maabara, nikamwambia: "Mkumbuke mama yako. Ikumbuke siku ile walipomtoa ndani." Mama yake alikuwa na miezi minane kaburini. Nilijua.

Siku ya mashindano alilia, na ukumbi mzima ukanyamaza. Tulishinda, tukapewa kamusi na mpira. Kwenye lori la kurudi alikuwa bado analia, bila sauti, ameegemea mbao za ubavuni, machozi yamechora njia katika vumbi la mashavuni. Nilidhani atanyamaza tukifika. Wiki ya pili matroni akaniambia binti halali, anakaa kitandani amejifunika shuka mpaka alfajiri. Wiki ya tatu bibi yake akaitwa.

Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, na fimbo yake na kanga mbili. Nilimsalimu Kigogo, mbukwa, akaitikia. Akakaa ukingoni mwa kiti, kama mtu asiyekusudia kukaa sana. Hakunipandishia sauti. "Mwalimu," alisema, "mwanangu nilishamzika. Ninyi mmemfukua. Sasa nani atamzika tena?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimsindikiza mpaka getini, nikarudi darasani kufundisha aina za vitenzi.

Swali lile ndilo lililonifanya nianze kusoma. Nilikuwa nimelichukua neno "kumbuka msiba wako" kwenye semina moja ya siku mbili, nikalibeba kama mtu anavyobeba dawa asiyoijua kipimo. Baadaye nikajua lilikotoka. Mrusi Konstantin Stanislavski, aliyezaliwa 1863, alianzisha na mwenzake jumba la sanaa ya maonesho mjini Moscow mwaka 1898. Alikuwa amechoshwa na uigizaji wa kutupa mikono na kupaza sauti, akawa anatafuta namna ya kumfanya mwigizaji ahisi kweli anachokisema. Katika maandishi ya mwanasaikolojia wa Kifaransa, Théodule Ribot, alikuta wazo kwamba mtu anaweza kukumbuka hata hisia za tukio, zikamrudia mwilini kama zamani. Hapo ikazaliwa kumbukumbu ya hisia. Wazo likavuka bahari mpaka Marekani, ambako Lee Strasberg wa New York alilifanya nguzo ya mafunzo yake.

Strasberg aliishikilia njia hii kuliko mtu yeyote, lakini hata yeye alikuwa akiwaonya waigizaji wake wasiguse kumbukumbu changa. Alitaka tukio liwe limepita angalau miaka saba. Mhariri, niliposoma hapo nilifunga macho. Waigizaji wale walikuwa watu wazima, wamekuja kwa hiari yao, wanajua wanachotafuta, na bado waliambiwa miaka saba. Mimi nilichukua miezi minane ya mtoto wa miaka 16.

Tena kuna nusu ya pili ya habari hiyo, ambayo semina yangu haikuwa nayo. Mwaka 1934 mwigizaji wa Marekani, Stella Adler, ambaye zoezi hilo lilikuwa linamuumiza na kumharibia kazi, alikutana na Stanislavski mjini Paris, akafanya naye kazi kwa wiki kadhaa. Alimkuta mzee ameshaiacha njia hiyo ya kumbukumbu. Stanislavski alimwelekeza aanze na hali aliyomo mhusika: yuko wapi, anataka nini, nini kinamzuia, anafanya nini kwa mikono yake. Hisia itafuata yenyewe. Kumbukumbu ya hisia kwake ilikuwa imebaki kitu cha kugusa pale tu njia nyingine zimeshindikana. Adler alirudi New York akawaeleza wenzake, na yeye na Strasberg hawakupatana juu ya jambo hilo tena. Stanislavski alikufa mwaka 1938 akiwa bado anaifanyia kazi njia hiyo ya matendo ya mwili.

Nieleze nilivyoijaribu, maana maneno haya hayana maana mpaka uone mtu akifanya.

Miaka minne baada ya kosa langu nilikuwa na igizo jingine, na binti mwingine mwenye kilio cha viganja. Mhusika wake alikuwa amefiwa na mama. Safari hii sikumuuliza habari za kwao. Nilikwenda nyumbani nikachukua kanga kuukuu, nikafunga sarafu moja kwenye pindo, fundo la kukaza kwa meno, kama wanavyofunga mama zetu wakienda sokoni Majengo. Nikampa. Nikamwambia: "Hii ni ya mama. Umeikuta sandukuni. Shangazi anataka nguo zote zigawiwe leo, yuko mlangoni anakusubiri. Fungua fundo." Akauliza, "Nilie saa ngapi?" Nikamjibu asilie. Afungue fundo.

Alijaribu kwa kucha, halikufunguka. Akajaribu kwa meno, akasimama, kwa sababu meno yake yalikuwa yamegusa mahali palipokuwa na alama za meno ya mtu mwingine. Hilo mimi sikumfundisha, aliliona mwenyewe. Akaishusha kanga mapajani, akawa analisugua lile fundo kwa kidole gumba, taratibu, na pumzi yake ikaanza kuingia kwa vipande vipande. Shangazi akaita kutoka nje. Binti akaikunja kanga, fundo likiwa ndani, akaificha chini ya blauzi. Hakutoa chozi. Mpishi wa shule, mama mtu mzima aliyekuwa amesimama dirishani na mwiko wake, alijifuta macho kwa mkono wenye unga.

Usiku wa onesho umeme ulikatika tukatumia koroboi mbili. Binti akiwa katikati ya lile fundo, macho yamemjaa, niliona mkono wake wa kulia unatoka polepole na kuisogeza koroboi mbali na pindo la kanga, kisha unarudi kwenye fundo. Hakuna aliyeona ila mimi niliyekuwa pembeni nashikilia pazia. Moyo wake ulikuwa kwa mama wa kwenye igizo, na akili yake ilikuwa inaangalia moto. Vyote viwili kwa wakati mmoja, na kimoja hakikukifanya kingine kuwa uongo.

Denis Diderot, Mfaransa wa karne ya 18, alisema mwigizaji mkubwa hahisi chochote, anafanya hesabu tu na kuwaliza wengine. Mimi sikubaliani naye kwa kiasi hicho. Nenda kwenye msiba wowote hapa kwetu. Mgeni akiingia uani, shangazi wa marehemu anapokea kwa kilio kinachokata maini, anaita jina la marehemu, anamshika mgeni shingoni. Kisha, bado ameshikilia shingo ile, anageuka kidogo na kusema, "Mleteeni baba kiti. Na ule wali uangalieni usiungue." Hakuna mtu wa huku anayemwita mnafiki. Tunajua kilio chake ni cha kweli na wali nao ni wa kweli. Nafsi ya mtu ina uwezo wa kulia na kujiona inalia, na uwezo huo ndio mtaji wa mwigizaji. Binti wa kwenye picha yako, Mhariri, alinyang'anywa uwezo huo. Hakubaki mtu ndani yake wa kuangalia koroboi.

Nililiona hilo pia kwa njia ya damu. Mwaka 2009 tuliigiza tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, ambayo walimu wengi wa Kiswahili wanaijua. Kinjeketile anavutwa na nguvu isiyoonekana mpaka mtoni, na anatoka na maji. Kijana wa kwanza niliyempa nafasi ile alitaka kuzama kweli. Alifumba macho, akazunguka, akajiachia, akaanguka paji la uso kwenye kona ya benchi. Nyuzi nne. Kijana wa pili alianza kwa kutembea jukwaa lote peku, akihesabu mbao na kutafuta iliyolegea. Akipandwa, macho yalikuwa yamegeuka juu yanatisha, lakini alikuwa anasikiliza ngoma na kungoja pigo la tatu, na akianguka mkono wake wa kushoto ulitangulia sakafuni kila mara. Watazamaji waliapa kwamba yule wa pili ndiye aliyepandwa kweli. Anayeigiza mtu aliyepotewa na fahamu ndiye anayehitaji fahamu kuliko wote walioko jukwaani.

Wataalamu wa saikolojia wamebishana muda mrefu juu ya mahali hisia inapoanzia. William James wa Marekani aliandika mwaka 1884 kwamba mwili hutangulia: hatulii kwa kuwa tuna huzuni, bali huzuni ni kule kuusikia mwili unalia. Walter Cannon alimpinga mwaka 1927 kwa hoja nzito, kwa mfano kwamba moyo huenda mbio kwa hofu na kwa hasira vilevile. Ubishi huo siwezi kuumaliza mimi. Lakini nchini Chile, kuanzia miaka ya 1970, mwanasayansi Susana Bloch na wenzake walichunguza pumzi, mkao wa mwili na uso wa watu waliokuwa katika hisia kali, wakaona kila hisia ya msingi ina namna yake ya kupumua na kukaa. Wakawafundisha waigizaji kuiingia hisia kwa kufuata pumzi, mkao na uso, bila kugusa msiba wa mtu yeyote. Kisha, na hapa ndipo nilipoweka karatasi chini, wakawafundisha kutoka: kupumua pole na kwa kina, kupapasa uso mzima kwa viganja, kubadili mkao. Walikuwa wamegundua kwamba hisia iliyoitwa isipoagwa hubaki na mtu.

Wazee wetu hili walilijua. Nikiwa mtoto Kondoa niliwahi kushuhudia ngoma ya kupunga pepo. Mama aliyepandisha alikuwa na wanawake wawili ambao kazi yao ilikuwa yeye tu. Mmoja alimshika asijigonge. Ngoma ilipokwisha, wa pili alimfunika shuka, akamnyunyizia maji, akawa anamwita kwa jina lake, tena na tena, mpaka akaitika. Hawakuondoka kabla hajaitika. Na sisi wote, tukitoka makaburini, hunawa kabla ya kula.

Kwa hiyo mimi na kikundi changu tuliweka beseni. Kila baada ya mazoezi na kila baada ya onesho, kabla ya picha na kabla ya soda, wote walinawa uso, wakasema kwa sauti: jina langu fulani, natoka Nzuguni au Kikuyu au Bahi, leo asubuhi nilikunywa uji, aliyekufa kwenye igizo si wangu. Aliyecheza mume mkatili alishikana mikono na aliyecheza mke, wakaitana kwa majina yao halisi. Wavulana waliona haya mwanzoni. Baadaye wao ndio waliokuwa wa kwanza kuulizia beseni liko wapi. Kazi yote ilichukua dakika kumi na ndoo nusu ya maji, na Dodoma maji tunayajua thamani yake.

Najua hoja itakayokuja: bila machozi ya kweli watazamaji hawataguswa. Wahindi wana kitabu cha kale sana cha sanaa ya jukwaa, Natyashastra, ambacho huiita hisia inayomfikia mtazamaji rasa, yaani ladha. Napenda neno hilo. Ladha iko mdomoni mwa anayekula, na mpishi halazimiki kuwa na njaa ili mlo upendeze. Machozi tunayoyatafuta ni ya yule mpishi wa shule dirishani.

Sisemi mwigizaji awe mkavu. Hisia ikimjia mwenyewe akiwa anafungua fundo, na ije. Mtu mzima akiamua kwa hiari yake kutumia maisha yake, na ana mtu wa kumshika, hilo ni lake. Ninachokataa ni mtu mzima mwenye mamlaka ya kuchapa, kutoa alama na kuandika ripoti, kumfungulia mtoto kaburi kwa ajili ya kikombe.

Na hapa sifichi kwamba tatizo si la mwalimu mmoja. Darasani tamthilia tunaifundisha kama karatasi: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Mwanafunzi anaweza kupata alama za juu kabisa bila kusimama hata mara moja na kusema mstari mmoja kwa pumzi yake. Mashindano yakitangazwa, igizo anapewa mwalimu yeyote mwenye vipindi vichache, ana wiki mbili, hana mafunzo, na mkuu wa shule anataka ushindi. Mwalimu huyo atashika kilicho karibu, na kilicho karibu katika shule zetu nyingi ni yatima. Waamuzi nao wana sehemu yao. Nimewahi kuketi meza ya waamuzi na kusikia mwenzangu akisema, "Huyu amelia, mpe tisa." Naomba wanaoandaa mashindano ya mkoa huu waliondoe chozi kwenye karatasi ya alama, na wamuulize kila mwalimu, kabla ya pazia kufunguliwa, nani anabaki na watoto likishafungwa.

Binti wangu wa mwaka 2003 alimaliza shule, kwa msaada wa bibi yake na wa muuguzi mmoja mwenye subira kuliko mimi. Tulikutana miaka mingi baadaye kwenye foleni ya mashine ya kusaga, Nkuhungu. Aliniamkia vizuri. Nilimwomba radhi pale pale, katikati ya vumbi la unga. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, mimi tangu siku ile sura ya mama naiona ya jukwaani. Ya nyumbani imepotea." Kisha zamu yake ikafika, akainua debe lake.

Mhariri, namwomba mwandishi wako afanye jambo moja. Arudi kwenye shule ile wiki hii, bila kamera. Amtafute binti wa kwenye picha, amuulize analalaje, anakula, na usiku ule nani alikaa naye. Akikuta hayuko sawa, ofisi yako ina anwani yangu. Niko tayari kwenda kuonana na mwalimu wake na kumweleza haya niliyoyaandika, na beseni nitalibeba.

Mwalimu mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma